Kikombe cha Ishirini na Nane

Mtoto wa Maganzo, mji wa machimbo ya almasi mkoani Shinyanga, huijua chekeche kabla ya kujua kusoma. Anaiona ikining'inia ukutani kwa jirani, anaiona ikipita alfajiri begani mwa mtu, na akiishika tu anafokewa aiache, ni kazi ya watu hiyo. Akishakua kidogo anaoneshwa inavyotumika. Mchimbaji huchota changarawe iliyotoka shimoni, huijaza kwenye chekeche, huizamisha majini na kuizungusha kwa mikono miwili. Mawe mazito hushuka chini na kujikusanya katikati, mepesi hubaki juu. Kisha huibinua kwa mara moja, pu! Kama mama anavyopindua ugali kwenye sahani. Kilichokuwa chini kabisa sasa kiko juu, na mchimbaji anainama kutafuta kinachong'aa.

Mara nyingi hakuna. Anachota tena.

Wanangu, hadithi ya leo ni ya biashara. Nimeanza na chekeche kwa sababu hapa kwetu biashara imeiga tabia ya chekeche. Mtu akipata laki mbili anafungua genge. Genge lisipokwenda anafunga, anafungua kibanda cha chipsi. Chipsi nazo zisipokwenda anauza karai na jiko kwa bei ya kutupa, anakaa barazani na kusema: "Mimi sina nyota ya biashara." Anachota, anabinua, anatazama. Ukimuuliza alikuwa anabakiwa na shilingi ngapi kwa siku, anakuangalia kama umemuuliza umri wa mbuyu.

Simlaumu sana. Mji wetu umelelewa na jiwe. Mwaka 1940 Dakta John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui, hapo jirani. Mwamba ule wenye almasi una ukubwa wa hekta 146 hivi, na ni miongoni mwa miamba mikubwa ya aina yake duniani. Mwaka 1947 likatoka humo jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Likawa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyekuwa akiolewa mwaka huohuo, na lilipochongwa likabaki karati 23.6. Mtoto anayekulia karibu na hadithi kama hiyo, nani atamwambia akae chini ahesabu bei ya unga?

Yupo. Ni bibi.

*

Binti wa hadithi yetu simpi jina, maana ukitazama vizuri utamwona katika kila mtaa. Amemaliza kidato cha nne. Anaishi na bibi yake nyuma ya barabara kuu iendayo Mwanza. Ana shilingi 200,000, nyingine ni za mbuzi aliyeuzwa mnadani, nyingine ni za kibarua cha kuchuma pamba. Siku moja akamwambia bibi yake:

"Bibi, nataka kuuza maandazi."

"Kwa nini maandazi?"

"Si watu wanakula maandazi, bibi."

"Watu wanakula hata mawe kwenye mchele. Mimi nimeuliza kwa nini uyauze wewe."

Binti akakosa jibu. Bibi hakucheka. Alikuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu vibichi, kimoja kimoja juu ya mwamba, visilaliane. Akasema bila kuinua kichwa: "Lete daftari. Andika kila kitakachoingia kwenye karai, hata chumvi. Halafu andika kila kitakachotoka."

Binti akaandika. Unga wa ngano kilo 3, shilingi 6,000. Sukari nusu kilo, 1,500. Mafuta yatakayonywewa na maandazi, 3,000. Hamira na iliki, 500. Mkaa, 1,500. Jumla 12,500. Upande wa pili akaandika: maandazi 75, kila moja 200, jumla 15,000. Akatabasamu.

"Nabakiwa na 2,500 kwa siku, bibi!"

"Na yale 10 yatakayolala?"

Akafuta 2,000. Zikabaki 500.

"Utaamka saa ngapi kukanda?"

"Saa 10 usiku."

"Basi andika hapo chini: kuamka saa 10 usiku, kukaa motoni mpaka jua litoke, shilingi 500."

Binti akaitazama ile 500 kwa muda. Biashara yake ya kwanza ilikuwa imekufa pale barazani, na iliyoumia ni penseli peke yake. Mbuzi alikuwa bado mzima mfukoni.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mpango wa biashara, wanangu. Watu wanadhani ni makaratasi ya kupeleka benki, yenye jalada na mhuri. Hapana. Ni mahali pa kukosea bure. Hasara ya kwenye daftari unaifuta kwa kifutio. Hasara ya sokoni unaifuta kwa kuuza mbuzi wa pili.

*

"Sasa nifanye nini?" binti akauliza.

"Nenda ukaangalie watu. Usibebe kitu."

Asubuhi tatu mfululizo alisimama kando ya stendi, giza bado nene, akiwa na daftari na kalamu. Bodaboda zinakohoa. Wachimbaji wanapita kwa makundi, sururu na sepetu begani, ndoo zimevalishana, chekeche mgongoni. Kinamama wanaokwenda kuosha changarawe wanapita na mabeseni kichwani. Kwa kila mtu aliyenunua kitu cha kula, binti aliweka alama. Kwa kila muuzaji, akaandika anauza nini.

Daftari likamwambia mambo ambayo macho yalikuwa yakiyaona miaka yote bila kuyasema. Wauza maandazi walikuwa 3, mmoja ana wateja wake wa miaka na anawaita kwa majina. Muuza chai alikuwa 1. Muuza uji hakuwepo. Siku ya tatu akajitosa kuuliza.

"Shikamoo baba. Asubuhi huwa unakula nini?"

"Marahaba. Andazi na chai. Lakini andazi lenyewe linaisha tumboni kabla sijafika shimoni."

Akauliza wa pili, wa tano, wa kumi. Maneno tofauti, njaa ileile. Mtu anayekwenda kuchimba mpaka mchana anataka kitu kizito, cha moto, kinachonyweka akiwa amesimama.

Jioni binti alirudi na jibu la swali la bibi. Kwa nini mimi? Kwa sababu wanaotaka uji wapo, na anayeuza hayupo. Hiyo ni sentensi moja tu, lakini mpango usio na sentensi hiyo ni orodha ya matumizi.

Wakaandika upya. Uji wa mtama, zao linalovumilia ukame wa wilaya yetu ya Kishapu, uliotiwa karanga za kutwanga na ndimu. Lita 20, vikombe 40 vya nusu lita. Unga wa mtama kilo 2, shilingi 3,600. Sukari kilo moja na nusu, 4,500. Karanga nusu kilo, 2,000. Ndimu, 500. Mkaa, 2,000. Maji ndoo 2, shilingi 1,000.

Jumla 13,600.

"Kikombe utauza shilingi ngapi?"

"Mia tano."

"Sasa niambie," bibi akasema, "ni kikombe cha ngapi kinachokurudishia pesa yako?"

Binti akagawanya 13,600 kwa 500. Ikaja 27 na ushee. Vikombe 27 vinaleta 13,500, bado mia moja. Kikombe cha 28 kinaleta 14,000.

"Cha ishirini na nane, bibi."

"Kumbuka hapo. Ukiuza kimoja mpaka ishirini na saba, unarudisha pesa ya dukani, si yako. Cha ishirini na nane kinakuvusha mto. Kuanzia cha ishirini na tisa ndipo unapoanza kujilipa."

Nataka mkae kidogo na jambo hili, maana ndiyo hadithi yenyewe. Mchimbaji hajui almasi iko kwenye ndoo ya ngapi. Inaweza kuwa ya leo, ya mwezi ujao, au isiwepo kabisa kwenye shimo lile. Hakuna daftari litakalomwambia. Lakini muuza uji anaweza kuijua faida yake iko kwenye kikombe cha ngapi kabla hajawasha jiko. Kuwa na uwezo wa kujua, kisha ukaamua kuishi kwa kubahatisha, ni kulibeba shimo mgongoni ukaingia nalo sokoni.

*

Sasa mtaji. Binti alikuwa ameandika orodha ya kupendeza: sufuria kubwa 45,000, jiko 15,000, ndoo 2 zenye mifuniko 14,000, vikombe 20 kwa 20,000, benchi la fundi 20,000, upawa, beseni na sabuni 6,000. Jumla 120,000. Akaongeza mahitaji ya siku 6 za kupika, 81,600. Ikafika 201,600. Pesa yake yote, na deni la 1,600 juu.

Bibi akaweka kikapu chini.

"Wewe unajua ngitili?"

Anaijua. Msukuma gani haijui? Mvua zikinyesha na majani yakiota kila mahali, mfugaji mwenye akili hachungii pote. Anatenga kipande, ng'ombe hawaingii, hata kama majani yake yanatamanisha. Kiangazi kikifika, uwanda ukibaki vumbi, ndipo anaifungua ngitili kidogo kidogo, mpaka mvua irudi. Hakuna ukuta wala waya, ni makubaliano ya watu tu.

Kuna wakati tuliiacha. Miti ilikatwa kwa kumfukuza mbung'o na kwa kupanua mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, na Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Wataalamu waliokuja kupanda miti wakagundua kwamba wenyeji walikuwa na dawa yao tayari. Ngitili zikarudi, maelfu kwa maelfu ya hekta, na mwaka 2002 juhudi hizo zikapata tuzo ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa. Dunia ilikuja kutupongeza kwa jambo ambalo mabibi zetu walilijua: usile majani yote kwa sababu leo ni mengi.

"Hiyo orodha yako," bibi akasema, "haina ngitili. Umewafungulia ng'ombe pote."

Binti akarudi kwenye daftari. Benchi akalifuta, wateja wake wanakunywa wamesimama. Vikombe akapunguza vikawa 12, ataosha haraka. Vyombo vikawa 92,000. Mahitaji akanunua ya siku 3 tu, 40,800. Jumla 132,800. Zikabaki 67,200, akazifunga kwenye kitambaa na kuandika juu ya ukurasa kwa herufi kubwa: NGITILI.

Pesa ile inatosha kupika karibu siku 5 bila kuuza hata kikombe kimoja. Ni mvua ya siku mbili, malaria ya siku tatu. Kuna biashara ndogo ambazo hazifi kwa kukosa wateja. Zinakufa wiki ambayo mwenyewe ameugua, na pesa yote imelala kwenye sufuria.

*

Lakini kuna kiangazi kirefu kuliko siku 5, na hapo lazima mjiulize swali gumu zaidi: pesa ya wateja wangu inatoka wapi?

Maganzo inakula kutoka mikono michache. Mishahara ya mgodi wa Mwadui. Mawe ya wachimbaji wadogo. Pamba, ambayo ununuzi wake hufunguliwa mwezi Mei. Magari ya barabarani. Aprili 2020, dunia ilipofungwa na korona na bei ya almasi ikaanguka, mgodi ulisimamisha uzalishaji kwa zaidi ya mwaka. Novemba 2022 kingo za bwawa la mabaki ya mgodi zikabomoka, tope likafunika mashamba na nyumba za watu, na uzalishaji ukasimama tena hadi mwaka 2023. Mgodi unapokaa kimya, muuza uji naye anausikia ukimya huo, ijapokuwa hajawahi kukanyaga getini.

Binti hawezi kuzuia bwawa lisibomoke. Anachoweza ni kuandika: "Wachimbaji wakipungua, nitamuuzia nani?" Akaandika majibu mawili. Abiria wa mabasi ya asubuhi. Mafundi na wapakiaji pamba wakati wa msimu. Kisha akaandika na mwezi ambao atapika lita 10 badala ya 20, kwa sababu masika mashimo hujaa maji na watu hurudi shambani.

Mkienda upande wa Geita mpango unavaa nguo nyingine kabisa. Huko wana neno lao, rashi. Fununu ya dhahabu ikivuma, pori linageuka mji ndani ya wiki chache: maturubai, karasha za kusagia mawe, vinyozi, wauza chipsi, wakala wa simu. Dhahabu ikikata, mji unakunjwa na kupakiwa kwenye pikipiki. Mama lishe wa rashi anayejua kazi yake hajengi banda la bati. Anajiuliza: vyombo vyangu vyote vinaenea kwenye bodaboda moja? Lakini mwenzake mwenye mgahawa Geita mjini, ambako soko la dhahabu lilifunguliwa mwaka 2019 na wachimbaji wanakuja na kurudi mwaka mzima, huyo anaweza kuweka meza na viti. Uji ni uleule. Mpango wa mmoja ukimpa mwenzake, unamfilisi.

*

Binti akaanza. Siku ya kwanza vikombe 31. Ya pili 22. Ya tatu mvua, 19. Ya nne 36. Kila jioni alichora mstari kwenye namba 28 na kuangalia kama ameuvuka.

Wiki ya pili akaja mjomba. Mjomba ni mchimbaji, mtu wa maneno matamu na mifuko mitupu.

"Mwangaluka, mama."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nipe viwili. Nitakulipa tukiosha Jumamosi."

Mji wa almasi unaishi kwa ahadi ya Jumamosi. Wengi wanachimba huku mwenye mtaji akiwalisha, wakipata jiwe wanagawana. Wasipopata, aliyewalisha amepata hasara. Ukimkopesha kila mchimbaji uji, umegeuka mfadhili wa mashimo yote ya Maganzo bila hisa hata moja.

Ila utamnyimaje mjomba wako?

Hapo ndipo binti alipofungua daftari. Ukurasa wa nne ulisema: mkopo, vikombe 3 kwa siku, si zaidi. Chini yake majina matatu yalikuwa yamekwishaandikwa asubuhi ile.

"Leo mkopo umejaa, mjomba. Kesho nitakuandika wa kwanza."

"Daftari si lako?"

"Ni langu. Lakini kwenye pesa ndilo linaloniongoza."

Mjomba akaguna, akatoa mia tano, akanywa kimoja. Kama binti angesema "sikupi", neno hilo lingefika kwa shangazi kabla ya adhuhuri. Daftari lilipokataa, hakuna aliyenuna. Kanuni uliyoiandika wakati hakuna anayekuomba ni rahisi kuifuata siku unapoombwa.

*

Mpango haukai kama ulivyoandikwa. Mnakumbuka mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua za El Niño zilipozuia uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika? Tuseme kilo inapanda kutoka 3,000 hadi 4,500. Sukari ya binti inafika 6,750, na gharama ya siku inakuwa 15,850. Mstari unahama kutoka kikombe cha 28 hadi cha 32. Asiye na daftari anaona tu kwamba "siku hizi hakuna biashara". Mwenye daftari anajua vikombe 4 vimeondoka, na ana njia tatu mbele yake: apunguze sukari aongeze ndimu, apandishe bei, au asubiri kwa kutumia ngitili. Yoyote atakayochagua, amechagua akiwa macho.

Kuna na faida nyingine ambayo wengi hawaitarajii. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4 hatozwi kodi hiyo. Akiwa kati ya milioni 4 na milioni 7 na hana kumbukumbu, analipa 100,000. Akiwa na kumbukumbu, analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Sasa pigeni hesabu ya binti wetu: vikombe 30 kwa siku ni 15,000, kwa siku 300 ni milioni 4 na nusu. Bila daftari, 100,000. Akiwa na daftari, 15,000. Daftari lililonunuliwa kwa mia chache limemwokolea 85,000. Kabla ya kuanza, nendeni ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, mkaulize viwango vya mwaka wenu. Kuuliza ni bure.

Na mkopo? Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejea 2024. Mlango wake ni kwa afisa maendeleo ya jamii, na kitu cha kwanza atakachotaka kutoka kwa kikundi chenu ni andiko la mradi. Wale wanaoogopa neno "andiko" huishia kwa wakopeshaji wa mitaani, ile mikopo tunayoiita kausha damu, ya kurejesha kila siku. Tena hapo daftari lingewaokoa. Ukiuza vikombe 30 unabakiwa na 1,400. Mtu akikutaka marejesho ya 3,000 kila jioni, nyingine 1,600 zitatoka wapi? Kwenye ngitili, kisha kwenye sufuria, kisha kwenye mbuzi wa bibi.

*

Mwezi wa pili mjomba alirudi. Safari hii alilipa kabla ya kunywa, akasimama pembeni akimtazama mpwa wake anavyoandika.

"Haya mambo yako ya kuandika," akasema, "sisi wa mashimo hayatuhusu. Kwetu ni bahati. Williamson mwenyewe si aliokota tu, chini ya mbuyu?"

Hadithi ya mbuyu kila mtu ameisikia. Inayosahaulika ni kwamba Williamson alikuwa amesomea miamba mpaka akapata udaktari, na alitafuta katika nchi hii kwa miaka kabla ya kuipata Mwadui. Alijua anatafuta nini, kwenye udongo wa aina gani. Bahati ilimkuta akiwa bado na nguvu za kutafuta.

Binti hakumwambia hayo. Alimuuliza tu: "Mjomba, shimo lako linakula shilingi ngapi kwa wiki?"

Mjomba akaanza kuhesabu kwa vidole. Chakula cha watu wanne. Maji ya kuoshea. Kukodi pampu. Sururu iliyovunjika. Alipofika kidole cha sita akanyamaza, akaanza upya, akanyamaza tena.

"Sijawahi kuandika."

"Mpango hautakuambia jiwe liko ndoo ya ngapi," binti akasema. "Lakini utakuambia una wiki ngapi za kuchimba kabla hujauza baiskeli."

Mjomba alimaliza uji wake polepole. Akarudisha kikombe, akapiga hatua mbili, kisha akageuka.

"Zile karatasi za nyuma, unaweza kunichania moja?"

Akachaniwa.

Na nyie, wanangu, hamhitaji hata kuchana. Daftari la zamani lina kurasa tupu nyuma. Andikeni mnachotaka kuuza, nani atakinunua, na kwa nini anunue kwenu. Andikeni kila kinachoingia, hata chumvi, hata maji. Jumla yake igawanyeni kwa bei mtakayouza. Namba itakayotoka ndiyo kikombe chenu cha ishirini na nane. Anayeijua namba hiyo anaweza kuanza kesho. Asiyeijua asiuze mbuzi bado.